Bwana Kisogo na Fundo la Mama Yake

Katika filamu thelathini na moja alizopanda farasi Dell Purdy, hakuna hata moja ambamo utamwona uso. Utaona kofia. Utaona mgongo. Utaona kisogo kilichobabuka kwa jua, basi, filamu imekwisha, nenda nyumbani. Mwongozaji akipaza sauti, "Haya, tazameni huku!" makauboi wenzake waligeuka wote kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa, naye akainama upande wa pili kukaza mkanda wa tandiko uliokwisha kukazwa tangu asubuhi. Ndiyo maana pale kwenye kona ya Hollywood, ambapo wapanda farasi wasio na kazi walisimama na kofia zao wakingoja kuitwa na studio, hakuna aliyemwita Dell. Walimwita Bwana Kisogo.

"Kisogo," mzee Shad Kimbrough alimwuliza siku moja huku akitafuna tumbaku, "mama yako akienda sinema atakutambua kwa lipi?"

"Kwa makalio. Aliyachapa vya kutosha, hawezi kuyasahau."

Watu walicheka mpaka farasi wa muuza maziwa akashtuka. Kisogo naye alicheka, lakini cha mdomoni tu. Mama yake alikuwa hajapata barua yake kwa miaka ishirini na miwili.

Jina lake halikuwa Dell Purdy. Alizaliwa Asa Teague, huko Pecan Fork, Texas, mtoto wa pekee wa mjane Permelia Teague aliyekuwa akisuka kamba za kunasia ng'ombe barazani kwake na kuziuza. Na kamba za Bi Permelia hukuhitaji kuuliza ni za nani. Mtu wa Texas hufunga mwisho wa kamba yake kwenye pembe ya tandiko, kile kigingi cha mbele, akikaza kabisa, ili fahali akinaswa asiondoke nayo. Na fundo la Bi Permelia lilikuwa na mtindo wake: mkia wa kamba unapita chini mara mbili, halafu unakunjwa nyuma na kusimama kama sikio la sungura. Asa alifundishwa fundo hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja alishindana mbio za farasi na Rufus Dunnaway, rafiki yake wa kufa na kuzikana, wamelala kitanda kimoja utotoni na kuugua surua pamoja. Ulizuka ubishi nani ametangulia kufika kijitoni. Upuuzi mtupu! Farasi wenyewe hawakuwa na habari, wanakunywa maji. Rufus alimchapa mjeledi usoni, Asa akachomoa bastola, na mpaka leo hawezi kukuambia kama alikusudia kupiga chini au la. Rufus alianguka kutoka juu ya farasi, kifudifudi majini, na maji yakawa mekundu.

Asa alikimbia. Hakumgeuza mwenzake, hakumwita, hakuaga nyumbani. Alikimbia kwa sababu Texas walikuwa wananyonga, na kwa sababu alikuwa mtoto na ameogopa, na hiyo ya pili ndiyo iliyomtesa miaka yote.

Aliibukia Nevada na jina jipya, akisema ametoka Oregon. Huko hawafungi kamba kwenye pembe. Wanaizungusha tu, ili wakitaka waiachie. Kwa hiyo ilimbidi Asa ajifunze ukubwani jambo ambalo wenzake walijifunza wakiwa watoto, na mwaka wa pili fahali alivuta, kamba ikabana kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya pembe, na kidole kikaenda zake. Alikifukia mwenyewe chini ya kichaka. Malipo ya kwanza hayo, alijisemea, na akaendelea kuzungusha kamba kama mtu wa Nevada.

Mashamba ya ng'ombe yalipowekewa nyaya za uzio na kazi kuisha, alifuata wenzake Hollywood. Utasema, mtu anayejificha anafuata nini kwenye kamera? Lakini fikiria vizuri. Pale kila mtu ana masharubu ya kubandika na jina la kubuni. Na ndipo mahali pekee palipobaki ambapo mtu wa miaka arobaini na ushee aliyejua farasi tu aliweza kula kwa kujua farasi. Ilimradi asigeuke.

*

Mwaka wa 1924 alitokea Bi Winifred Aldous.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani minene na vidole vyeusi kwa wino. Alikuwa hakosi filamu za makauboi Jumamosi, na akitoka huko anarudi kwenye banda lake kuchora alichokiona. Hakuchora kwa rangi. Alichukua bamba la shaba, akalipaka nta nyembamba, akachora juu ya nta kwa sindano, kisha akalitia bamba kwenye tindikali. Palipokwaruzwa shaba inaliwa, palipo na nta inapona. Halafu anapaka wino, analifuta, analifunika kwa karatasi yenye unyevu na kulipitisha kwenye mashine nzito ya magurudumu kama ya kukamua nguo. Akishachapa nakala hamsini za mchoro, analikwaruza bamba mkwaruzo mmoja mkubwa toka pembe hadi pembe, ili lisichape tena. Ndiyo desturi ya kazi yao. Aliyenunua nakala anajua hazitaongezeka.

"Nataka kauboi wa kweli," aliwaambia pale konani. "Hawa wa filamu wananyoa nyusi."

Makauboi wakamsukuma Kisogo mbele, kwa utani. "Mchukue huyu, Bibi. Ana kisogo kizuri kuliko vyote California."

Kisogo alitaka kukataa. Lakini mwanamke alimwangalia kwa miwani yake akasema, "Kofia ikishuka mpaka puani itanifaa zaidi. Nyuso zinanishinda. Mikono ndiyo ninayoipenda." Basi akakubali. Si mtu akikimbia muda mrefu sana anachoka, anatamani walau mtu mmoja amtazame? Mimi nadhani hivyo.

Alikaa juu ya farasi mbele ya banda kwa asubuhi mbili. Nzi wengi, jua kali, na Bi Aldous kainama juu ya bamba lake. Unajua mikono ya mtu aliyezoea kazi haikai bure. Akili ya Kisogo ilitangatanga, ikavuka Nevada, ikavuka New Mexico, ikaenda kukaa barazani Pecan Fork, na mikono yake ikafuata. Alipozinduka, Bi Aldous alikuwa anakusanya sindano zake, na yeye akafungua kamba na kushuka bila kufikiri alichokuwa amekifunga.

Wiki ya pili aliitwa kuona. Bi Aldous alibandua karatasi kutoka kwenye bamba taratibu, kama mtu anayetoa bandeji kwenye kidonda cha mtoto.

"Haya, mwone mwenyewe."

Kisogo aliona kauboi mwenye kofia iliyofunika nusu ya uso, na mkono juu ya pembe ya tandiko wenye vidole vinne. Moyo ulimlipuka paa. Kisha akaangalia tena.

"Huu mkono ni wa kushoto."

"Bamba na karatasi vinatazamana, bwana. Kinachochorwa kulia kinatokea kushoto. Wengine huchora kinyume ili vitoke sawa. Mimi sijisumbui."

Kisogo alishusha pumzi. Mtu asiye na gumba la kushoto! Na farasi wake anatazama mashariki badala ya magharibi! Huyu siye yeye hata kidogo. Alicheka, akamshukuru bibi wa watu mpaka akamshangaza, na usiku huo alilala kama aliyekunywa dawa.

*

Mchoro uliwekwa kwenye dirisha la duka la fremu jirani na ile kona. Makauboi walijazana kuukosoa, maana hakuna watu wanaopenda kukosoa picha ya farasi kama hao.

"Masikio ya farasi mazuri."

"Huyo anatumia kushoto. Kisogo, tangu lini?"

Mzee Shad alisogea karibu. Alibandika pua kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Texas.

"Wewe si ulisema umetoka Oregon?"

"Ndiyo, mzee."

"Oregon wanazungusha. Hii kamba imefungwa." Akafuta ukungu kwa mkono wa shati. "Imefungwa na imekazwa, tena kuna mkia umesimama hapa kama sikio la sungura. Mtu hafungi hivi kwa kubahatisha, bwana mdogo. Amefundishwa."

Kisogo akaangalia. Kushoto au kulia, fundo ni fundo. Lile pale, kila uzi umechorwa na mwanamke asiyejua kamba wala kudanganya.

"Mimi sijauliza kitu," Shad alisema polepole, akitazama pembeni. "Nimesema tu."

Kisogo alikwenda mbio bandani. "Liharibu lile bamba, Bibi. Nakusihi."

"Nimeshalikwaruza Jumatatu. Nakala hamsini zimetimia."

"Na nakala ziko wapi?"

"Zimeshatoka zaidi ya thelathini! Chicago, Denver... moja imenunuliwa na hoteli huko Texas. Mbona umekuwa mweupe hivyo? Kaa nikupe maji."

Hakukaa. Kuanzia siku hiyo mkoba wake ulilala umefungwa chini ya kitanda. Miezi ikapita, Aprili, Juni, Agosti. Akigongewa mlango anaangalia dirisha. Alikonda. Mara nyingi alianza kumwandikia mama yake barua na kuichoma, maana angeandika nini? "Mama, mimi ndiye niliyemuua mtoto wa jirani yako, u hali gani?"

Oktoba, siku ya Alhamisi, alikutana na Bi Aldous barabarani, uso umechanua. "Nina habari nzuri! Bwana mmoja wa Texas ameniandikia. Ameona mchoro hotelini, anataka kujua aliyekaa juu ya farasi ni nani, na anapatikana wapi."

"Hukumjibu, sivyo?"

"Nimemjibu wiki mbili zilizopita! Anasema anakuja mwenyewe."

Siku za mwizi arobaini, nasi tunajua. Kisogo aliamua kuondoka Ijumaa asubuhi kwenda Mexico. Lakini tandiko lake lilikuwa kwenye zizi la studio, kule vilimani walikokuwa wanapiga filamu, na kauboi anaweza kumwacha mke, tandiko haachi. Akaenda kulichukua. Na kwa kuwa mpanda farasi mmoja alikuwa ameamka akiumwa jino, msaidizi wa mwongozaji alimwona Kisogo akiwa na tandiko begani na kumdaka. "Wewe! Panda! Mara moja tu, mnashuka kilimani, mnapita mbele ya kamera, kwisha!"

Alipanda. Kukataa kungezusha maswali. Walikuwa kumi na wawili wakimfukuza jambazi wa bandia aliyevaa shati safi kuliko wao wote. Mkono wa kamera ulianza kuzungushwa, vumbi likapanda, Kisogo akashuka kilima akiwa wa mwisho, ameinamisha kofia, akaipa kamera ubavu, akaanza kuipa kisogo.

"Asa!"

Sauti ilitoka kwenye uzio, nyuma ya kamera.

"Asa Teague! Simama, we mjinga!"

Miaka ishirini na miwili aliitwa Dell na akageuka. Lakini jina ulilopewa na mama yako linakushika shingo. Aligeuka mzima mzima, kofia ikaanguka, na uso wake wote ukaingia kwenye kamera, mdomo wazi, macho yamemtoka. Maana pale kwenye uzio, pembeni ya mzee Shad aliyekuwa amemwonyesha njia, alisimama mtu mnene mwenye upara na bega moja lililoshuka, anapunga kofia. Na mtu huyo alikuwa Rufus Dunnaway, marehemu.

Farasi alisimama mwenyewe. Kisogo alishuka, akatembea mpaka kwenye uzio kama anayetembea ndani ya maji. Alinyoosha mkono, akamgusa Rufus kifuani, akamsukuma kidogo, kuhakikisha.

"Nimekuua," alisema.

"Hukuniua. Huna shabaha wewe, hujapata kuwa nayo." Rufus alikuwa analia na kutukana kwa wakati mmoja. "Risasi ilipita begani hapa. Nilipona kabla mahindi hayajavunwa! Nikamwambia sherifu bastola ililipuka kwa bahati mbaya, akasema haya, akaenda kula. Tukakutafuta. Tukaandika magazetini. Ulikuwa wapi? Miaka ishirini na miwili, Asa! Nimeoa, nimezaa watoto watano, wa kwanza nimempa jina lako kwa kudhani umekufa, na wewe uko huku unajipaka poda?"

"Sijipaki poda," Asa alisema, akakaa chini kwenye vumbi. Alihisi mwili wote ukilegea, kuanzia taya, kama gunia lililokatwa kamba. Hakuna aliyekuwa akimfukuza. Hakuna aliyewahi kumfukuza. Alitaka kukasirika kwa miaka yote ile iliyopotea bure, na hasira itakuja, itakuja tu. Lakini kwanza alicheka, cha tumboni safari hii, mpaka akashikwa na kwikwi, na Rufus akaketi kando yake wakashikana kama watoto wenye surua.

Mwongozaji alikuja mbio, amekunja mikono ya shati. Kila mtu alidhani atatukana.

"Wewe! Ule uso ulioutoa! Unaweza kuutoa tena?"

"Hapana, bwana," Asa alisema akifuta kamasi. "Ule ulikuwa mmoja tu."

"Aisee, Kisogo," Shad alisema. "Kumbe una uso! Si mbaya sana."

Asa alipopata pumzi akauliza lile aliloliogopa kuliko yote. "Mama?"

"Nani unadhani amenituma? Yeye ndiye hupeleka mayai ile hoteli. Akaona picha ukutani, akaweka kikapu chini, akasimama pale mpaka mwenye hoteli akamletea kiti. Akasema, 'Fundo hili nimelifunga mimi au mwanangu, na mimi sijafika California.' Nikamwambia, Bi Permelia, yule wa kwenye picha hana gumba. Akasema, 'Basi kalipoteza, maskini, na hana wa kumwangalia.' Tangu siku hiyo anafuma kitu, hataki nikione. Simama bwana, treni ni saa kumi."

*

Pecan Fork walifika Jumanne, baridi imeanza, upepo wa kaskazini unapiga. Bi Permelia alikuwa amesimama kwenye jukwaa la stesheni tangu asubuhi, na aliyethubutu kumwambia akae ndani alijutia. Alikuwa amekuwa mdogo. Asa alimkumbuka mrefu. Alivua kofia akasimama mbele yake, uso wazi, hajui aanzie wapi kuomba radhi.

"Mama, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Lete mkono."

Aliuchukua mkono wake wa kushoto kwa viganja vyake vilivyokakamaa kwa kamba, akaushika kama anavyoshika yai, akatafuta kidonda cha mwanawe. Akahesabu vidole. Akahesabu tena. Vilikuwa vitano.

"Hiki hapa," alisema, amekunja uso. "Gumba hili hapa!"

"Ni mkono huu, mama." Asa alimpa wa kulia. "Picha zile hugeuza."

Bi Permelia alishika na huo, akapitisha kidole mahali palipokuwa na gumba. Kisha akatoa mfukoni jozi ya glavu za sufu ya kijivu, alizofuma tangu aione ile picha. Ya kulia ilikuwa kamili. Ya kushoto ilikuwa na vidole vinne, na mahali pa gumba pamezibwa vizuri, kwa mishono midogo, ili baridi isiingie.

Rufus akaguna. "Lo! Bi Permelia, umefuma bure."

"Umesema nini?" Aligeuza glavu ya kushoto, kiganja juu mgongo chini, akaivuta kwenye mkono wa kulia wa mwanawe. Ikaingia. Akaigeuza ile ya pili, akaivalisha kushoto, akasukuma gumba mpaka mwisho. Ikaenea. Asa alitazama mikono yake miwili. Machozi yalimtoka tu, hadharani, mtu mzima na mvi zake, na hakuyafunika wala hakugeuka.

"Unaona?" mama alisema, akimvuta kola aifunike shingo yake iliyobabuka. "Nimekosea mkono tu. Mtu sikumkosea."